Wanafunzi Waafrika Ng'ambo: Nani Ashike Ufunguo?

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.



Kijana apatapo nafasi ya kusoma ng'ambo, wazee humwuliza mambo matatu: nauli atalipa nani, masomo yatachukua miaka mingapi, na je, huko baridi ni kali? Ni nadra mtu kumwuliza Jumapili atakula kwa nani. Swali hilo laonekana dogo, hata la kitoto. Lakini historia ya wanafunzi Waafrika katika miji ya Ulaya yaonyesha kwamba palipopatikana jibu lake ndipo vilipozaliwa vyama, magazeti, na hatimaye serikali kadhaa za bara hili. Wakoloni waliuelewa uzito wa swali hilo mapema, na ndiyo maana wao nao walifanya haraka kufungua nyumba zao za kuwapokea wanafunzi hao.

Yafaa kuanzia London. Mwaka 1922 alifika mjini humo Ladipo Solanke, mwenyeji wa Abeokuta katika Nigeria, aliyekuwa amekwisha pitia Chuo cha Fourah Bay huko Sierra Leone. Alikwenda kusoma sheria. Hakuwa kijana mbichi, wala hakuwa na fedha. Mwanafunzi Mwafrika wa miaka ile alianza masomo yake barabarani, akibisha hodi mlango hadi mlango. Tangazo dirishani lilisema chumba kipo. Mlango ukifunguliwa na uso mweusi ukaonekana, chumba kilikuwa kimechukuliwa dakika hiyo hiyo. Na mwenye nyumba hakuwa na hatia yoyote mbele ya sheria. Waingereza walipotunga sheria yao ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi mwaka 1965, suala la kupangisha nyumba halikuguswa sawasawa. Ikabidi ingojewe sheria nyingine mwaka 1968. Yaani taifa lililodai kuufundisha ulimwengu utawala wa sheria lilikaa hadi theluthi mbili za karne ya ishirini kupita ndipo likamkataza mwenye nyumba kumfungia mlango mtu kwa sababu ya ngozi yake.

Mwaka 1924 yalifanyika huko Wembley Maonyesho ya Dola ya Kiingereza, ambamo makoloni yalipangwa mithili ya bidhaa katika duka. Gazeti moja la London likatumia nafasi hiyo kuandika juu ya watu wa Afrika ya Magharibi habari za uchawi na ulaji wa watu. Solanke akashika kalamu kupinga. Mwaka huo huo alitangaza redioni kwa lugha ya Kiyoruba, na inasemekana kuwa yeye ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Tena mwaka huo huo, pamoja na Bibi Amy Ashwood Garvey wa Jamaika, alianzisha chama cha Wanigeria. Halafu, tarehe 7 Agosti 1925, kwa kuhimizwa na daktari Herbert Bankole-Bright wa Sierra Leone, wanafunzi ishirini na mmoja, wengi wao wa sheria, wakaunda Umoja wa Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi, uliokuja kujulikana kwa herufi WASU. Miongoni mwa marais wake alikuwa J. B. Danquah wa Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana. Solanke akawa Katibu Mkuu.

Shabaha ya kwanza ya WASU ilikuwa nyumba, kabla hata ya madai ya uhuru. Wanafunzi hao walitambua kwamba chama kisicho na paa huishia mikutanoni. Mwaka 1928 Marcus Garvey aliwapatia nyumba ya muda huko West Kensington. Lakini nyumba ya hisani haidumu. Mwaka 1929 Solanke akapanda meli kurudi Afrika ya Magharibi, akazunguka Nigeria, Gold Coast na Sierra Leone akiomba michango na kufungua matawi, na hakurejea London hadi mwaka 1932. Miaka mitatu ya maisha ya mtu mzima ilitumika kutafuta fedha za hosteli! Wapo watakaosema ilikuwa kupoteza wakati, lakini mwaka 1933 milango ya hosteli ilifunguliwa katika barabara ya Camden, nayo ikawa nyumba iliyojengwa kwa jasho la Waafrika wenyewe katika mji mkuu wa dola iliyowatawala.

Katika safari hiyo Solanke alipata pia mke, Opeolu. Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja, na hapo vimekosea, kwa kuwa bila yeye hosteli ingekuwa vyumba tu. Ndiye aliyeisimamia, ndiye aliyehakikisha kuna chakula ambacho mtu wa Lagos au Accra angekitambua kwa harufu kabla ya kufika mezani, na wanafunzi walimwita Mama WASU. Mwanafunzi aliyekataliwa chumba asubuhi, na mchana akakaa peke yake kwenye benchi la chuo, jioni alipanda ngazi akasikia lugha ya kwao ikisemwa kwa sauti ya juu bila mtu kugeuka kutazama. Si ajabu kwamba baada ya mlo mazungumzo yalihama kutoka masomo hadi siasa. Mtu aliyeshiba, na asiyeogopa kufukuzwa nyumbani, hupata nafasi ya kufikiri.

Serikali ya Uingereza nayo iliona. Wizara ya Makoloni ilianza kuwa na wasiwasi kwamba vijana hawa wangeambukizwa ukomunisti na chuki dhidi ya utawala. Dawa waliyoitafuta haikuwa kuwapiga marufuku, bali kuwapa nyumba. Mwaka 1934 ikafunguliwa Aggrey House katika mtaa wa Doughty, ikapewa jina la mwalimu mashuhuri wa Gold Coast, James Aggrey, aliyekwisha fariki mwaka 1927. Huyo ni yule yule aliyepita Afrika ya Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, na jina lake hata watu wa Kariakoo hulitamka kila siku wakitaja mtaa. Jina lilichaguliwa kwa akili: ni Mwafrika gani angelipinga jina la Aggrey?

WASU iliipinga, ikaisusia, ikachapisha kijitabu kuueleza umma ukweli wa jambo hilo. Kwa wengi wa nyakati zile upinzani huo ulionekana ukaidi wa bure. Wanafunzi wanalia hawana pa kulala, serikali inawapa pa kulala, wanakataa! Lakini hoja yao ilikuwa wazi kabisa. Aggrey House haikuwa gereza, wala hakuna aliyedai kwamba vitanda vyake vilikuwa vigumu. Lililogombaniwa ni nani angeketi katika kamati, nani angechagua mgeni wa kuzungumza Ijumaa jioni, na taarifa za mazungumzo hayo zingeishia katika faili la nani. Aggrey House ilifungwa mwaka 1940. WASU ilikuwa tayari imehamia South Villas tangu 1938, na jambo la kufundisha ni kwamba haikukataa fedha za serikali daima; baadaye ilipokea msaada hata wa Wizara ile ile. Ilichokataa ni kukabidhi ufunguo.

Matunda ya ufunguo huo yalionekana wakati wa vita. Mwezi Agosti 1941, mara tu Roosevelt na Churchill walipotangaza Mkataba wa Atlantiki uliotaja haki ya kila taifa kuchagua serikali yake, Clement Attlee, aliyekuja kuwa Naibu Waziri Mkuu, alikwenda kuzungumza na wanafunzi wa WASU, akawaambia kwamba kanuni hizo ziliwahusu watu wote wa dunia. Mwezi uliofuata Churchill akasimama Bungeni kueleza kwamba zilihusu hasa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa chini ya Wajerumani. Kauli mbili za viongozi wawili wa serikali moja! Kauli ya Attlee ilisikiwa na Waafrika uso kwa uso, nao hawakuisahau. Mwaka 1942 WASU ikaitaka Uingereza itoe mara moja utawala wa ndani kwa makoloni ya Afrika ya Magharibi, na uhuru kamili katika muda wa miaka mitano baada ya vita. Kwame Nkrumah alipowasili kutoka Marekani mwaka 1945 hakuanza kutafuta watu mitaani. Aliikuta jumuiya iliyokwisha komaa, akawa Makamu wa Rais wake, na mwezi Oktoba mwaka huo akawa miongoni mwa walioandaa Mkutano wa Waafrika huko Manchester.

Isidhaniwe kwamba nyumba hiyo ilikuwa pepo. Watu wa Gold Coast na watu wa Nigeria walinuniana, vijana wa mrengo wa kushoto wakamwona Solanke kuwa mzee wa mambo ya kale, na mwishoni mwa miaka ya arobaini akajikuta kando ya chama alichokiasisi. Alifariki London mwaka 1958, miaka miwili tu kabla ya Nigeria kujitawala. Jumuiya ya kweli hugombana. Hosteli ambayo ndani yake hakuna ugomvi wowote, yafaa kuuliza ni nani anayewanyamazisha wakazi wake.

Ndugu wasikilizaji, mfano wa pili unaigusa Tanzania kwa karibu zaidi. Ureno haikuwa na chuo kikuu hata kimoja katika makoloni yake ya Afrika kwa miaka yote ambayo vijana wanaotajwa hapa walikuwa wakisoma. Kila aliyetaka digrii alilazimika kwenda Lisbon au Coimbra. Mwaka 1944 utawala wa Salazar uliziunganisha nyumba za wanafunzi wa makoloni mbalimbali kuwa moja, ukaiita Nyumba ya Wanafunzi wa Dola. Jina lenyewe laeleza nia. Ilikuwa na mkahawa, maktaba na huduma ya daktari, na wengi wa wanachama walikuwa watoto wa masetla wa Kireno; Waafrika weusi walikuwa wachache. Serikali ilitegemea kwamba wakila pamoja na kucheza mpira pamoja watatoka Wareno waaminifu.

Waliokaa mezani walikuwa nani? Amílcar Cabral, aliyefika mwaka 1945 kusomea kilimo. Agostinho Neto, aliyesoma udaktari na kukamatwa na polisi wa siri zaidi ya mara moja kabla ya kuhitimu mwaka 1958. Mário de Andrade wa Angola. Marcelino dos Santos wa Msumbiji. Eduardo Mondlane naye, baada ya kufukuzwa Afrika Kusini mwaka 1949 alikokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alipitia Lisbon kwa muda kabla ya kwenda Marekani. Hapo ndipo mtu wa Angola alipogundua kwamba kazi ya shuruti aliyoiona kwao ndiyo hiyo hiyo iliyomchosha mtu wa Msumbiji. Nchi hizo mbili zimetengwa na bara zima. Wakoloni, bila kujua, waliwalipia wananchi wake nauli ya meli ili wakutane.

Hata hivyo, wenye hamu ya kusema kwa uwazi hawakutosheka na nyumba ya serikali. Mwaka 1951 walianzisha kituo chao cha mafunzo juu ya Afrika, na mahali pa kukutania palikuwa sebule ya familia moja ya São Tomé mjini Lisbon, familia ya Espírito Santo, chini ya ulinzi wa shangazi aliyewapokea. Walikutana Jumapili. Huyu alisoma makala juu ya ardhi, yule juu ya lugha, mwingine juu ya historia, kwa kuwa vyuoni walifundishwa mito ya Ureno na wafalme wa Ureno, na Afrika walipaswa kufundishana wenyewe. Msichana wa familia hiyo, Alda Espírito Santo, mwalimu na mshairi, ndiye aliyekuja kutunga maneno ya wimbo wa taifa la São Tomé na Príncipe, nchi iliyojipatia uhuru mwaka 1975.

Vita vya ukombozi vilipoanza Angola mwaka 1961, Lisbon haikukalika tena. Mwezi Juni mwaka huo wanafunzi kwa makumi walitoroka kwa siri, wakisaidiwa na shirika la Kiprotestanti la Ufaransa, wakavuka Hispania hadi Ufaransa. Wengine walishikwa njiani na polisi wa Hispania kisha wakaachiwa. Miongoni mwa vijana waliokimbia mwaka huo alikuwamo Joaquim Chissano, mwanafunzi wa udaktari. Tarehe 25 Juni 1962 FRELIMO iliundwa Dar es Salaam, Mondlane akiwa Rais, na baada ya muda si mrefu Chissano naye akaja kufanya kazi hapa. Mondlane aliuawa kwa bomu mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Cabral aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973. Chissano aliishi hadi kuwa Rais wa Msumbiji kuanzia 1986 mpaka 2005, na mwezi Julai 2004, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika huko Addis Ababa, alisimama akahutubia kwa Kiswahili, wakalimani wakababaika. Kiswahili hicho alijifunza ugenini, katika mji uliompa makazi.

Polisi wa Salazar waliifunga ile Nyumba ya Wanafunzi wa Dola mwaka 1965. Walikuwa wamechelewa.

Juu ya Paris yatosha kusema machache. Kabla Senghor wa Senegal na Césaire wa Martinique hawajakutana katika shule ya Louis-le-Grand mwaka 1931, akina dada Nardal wa Martinique walikuwa wakifungua nyumba yao ya Clamart kila Jumapili kwa watu weusi wa Afrika, Marekani na visiwa vya Karibi. Sifa za harakati zilizofuata zimewaendea wanaume walioandika mashairi. Waliopanga viti na kumwaga chai hawatajwi sana. Baadaye, mwaka 1950, likaundwa Shirikisho la Wanafunzi wa Afrika Nyeusi katika Ufaransa, ambalo serikali ya Paris ililivunja mwaka 1980, miaka ishirini baada ya makoloni yake mengi kupewa bendera.

Wala haifai kuzungumza kana kwamba matatizo yalikuwa katika nchi za mabeberu peke yake. Moscow ilifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mwaka 1960, na mwaka uliofuata ikakipa jina la Patrice Lumumba. Maelfu ya Waafrika walipata humo elimu ambayo wasingeweza kuilipia kwingine kokote, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tarehe 18 Desemba 1963 wanafunzi Waafrika wapatao mia tano waliandamana hadi Uwanja Mwekundu kufuatia kifo cha mwenzao, Mghana aliyekutwa amekufa, wakidai usalama wao ulindwe. Rafiki wa taifa si lazima awe jirani mwema wa mwanafunzi usiku anaporudi bwenini. Katika saa kama hiyo mwanafunzi huhitaji wenzake, nao wawe wamejipanga tangu siku zilipokuwa shwari.

Ukweli huo ulijirudia mwezi Februari 2022, vita vilipopamba moto Ukraine. Maelfu ya wanafunzi Waafrika walikuwa huko, wengi wakisomea udaktari katika miji kama Kharkiv na Sumy. Mpakani baadhi yao waliondolewa katika foleni za treni na mabasi kwa sababu ya rangi, hata Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28 Februari kulaani. Katika siku zile za kwanza wengi wao waliongozwa na orodha za majina zilizotunzwa na wanafunzi wenyewe katika simu zao: nani yuko chumba gani, nani ana mtoto mchanga, njia ipi ya mpaka inapitika. Palipokuwa na chama hai, orodha ilikuwapo. Pasipokuwa na chama, kila mtu alijitafutia.

Sasa, ndugu watumishi, suala la ufunguo liko mezani kwenu. Ofisi inayompeleka kijana ng'ambo, na ubalozi unaompokea, hupenda chama cha wanafunzi kiwe na katiba nadhifu, picha ya viongozi ukutani, na risala ya utii kila sikukuu ya taifa. Chama cha namna hiyo ni rahisi kukilea, nacho hufa siku afisa anayekipenda anapohamishwa. Serikali ikitaka kuwasaidia vijana wake, na ilipe kodi ya ukumbi, isiteue mwenyekiti. Kama katika ukumbi huo watailaumu Serikali, bora walaumu wakiwa pamoja na kwa sauti, kuliko kila mmoja kuozea chumbani kwake kwa upweke, ugonjwa ambao umewarudisha nyumbani vijana wengi bila digrii, na faili zao zikaandikwa kwamba masomo yaliwashinda.

Kwa upande wa walimu, lipo jambo ambalo halihitaji bajeti. Mwanafunzi wa kidato cha sita hufundishwa kujaza fomu za maombi, kuandika barua ya kujieleza, hata namna ya kuketi mbele ya wanaomsaili. Hafundishwi kuitisha mkutano wa watu kumi wasiofahamiana, kutunza daftari la michango bila kasoro, au kusuluhisha wawili waliogombana kwa sababu ya makabila yao. Mwalimu Nyerere alipofika Edinburgh mwaka 1949 Watanganyika vyuoni humo hawakufika hata nusu ya timu ya mpira. Ilimbidi atafute wenzake miongoni mwa watu wa makoloni mengine na Waingereza waliopinga ukoloni, na alirudi mwaka 1952 akiwa amezoea kukaa na watu wasiofanana naye. Miaka miwili baadaye ilizaliwa TANU. Vijana wa leo wako wengi zaidi katika miji ya India, China, Uturuki na Algeria, na hatari yao ni ya upande wa pili: wametosha kujifungia wao kwa wao, Mtanzania kwa Mtanzania, na pengine mtu wa mkoa kwa mtu wa mkoa, asimjue hata Mkongo wa chumba cha jirani ambaye naye anazungumza Kiswahili.